Boila Tuliyoiamkia Shikamoo

Siku ya kwanza kazini nilifika getini kabla jua halijachomoza. Barua ilisema saa moja na nusu. Nilitembea kutoka Mabatini, mtaa wa Mwanza nilikopanga chumba, nikiwa na hofu ya kuchelewa. Nilipofika mapema mno nikapata hofu nyingine, kwamba mlinzi angeniona nina kiherehere. Basi nikapita pale kama mtu mwenye safari zake, nikaenda hadi ufukweni, nikarudi, nikapita tena. Mara ya tatu mlinzi akaniita.

"Wewe dada, umepoteza kitu?"

"Hapana, kaka. Naanza kazi leo."

"Sasa unaizunguka ya nini? Kazi iko ndani."

Kiwanda chetu kilikamua mafuta ya mbegu za pamba na kuchemsha sabuni. Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya tisini, kikiwa bado mali ya umma, lakini redio ilikwisha kutuzoesha neno soko huria, na kila mtu alijua kuwa siku moja tungeuzwa. Mimi nilikuwa na miaka ishirini na minne na cheti cha fundi sanifu wa mabomba na mitambo ya joto. Nilikuwa nimefaulu vizuri. Nalisema hilo kwa sababu ndilo lililonitisha: niliogopa siku watakayogundua kuwa nilichokijua kilikuwa cha kwenye karatasi tu.

Mhandisi wa Kiwanda aliisoma barua yangu, akaniangalia, akaisoma tena.

"Imeandikwa K. Masanja. Tulijua ni mvulana."

"Ni Kabula, mzee."

"Haya, Kabula. Nenda nyumba ya boila. Ukielewana na Mzee Magesa, umeelewana na kazi."

Vijana wanaounganisha mabomba ya plastiki siku hizi pengine hawajawahi kuiona boila ya mvuke, kwa hiyo nieleze. Ilikuwa pipa la chuma kubwa kama lori, limelazwa juu ya matofali. Ndani yake yalipita mabomba ya moto, na maji yaliyazunguka mabomba hayo hadi yakageuka mvuke. Mvuke ulisafiri hadi kwenye masufuria ya kupika mbegu na ya kuchemsha sabuni. Kanuni ya kwanza ni kwamba maji yasishuke chini ya mabomba ya moto. Yakishuka, chuma huwa chekundu, kikalegea kama mshumaa. Na mtu akikurupuka kuingiza maji baridi juu ya chuma chekundu, mvuke unaozuka kwa ghafla unaweza kulipasua pipa lote, na nyumba, na waliomo.

Ubavuni mwa boila palisimama kioo cha maji, bomba jembamba la kioo lenye vali tatu: ya juu, ya chini, na ya kutolea. Kwa macho ya mgeni, kioo kikionyesha maji, maji yapo. Nami nilikuwa mgeni.

Mchochea moto, mwanamume wa makamo aliyeitwa Sospeter, ndiye aliyeniona kwanza. Alikuwa na koleo mkononi na pumba za mbegu hadi kwenye nyusi.

"Dada, umepotea njia. Huku kioo kipo kimoja tu, na si cha kujitazamia."

"Nyamaza," sauti ikasema nyuma yake. "Huyu atakuwa bosi wako kesho kutwa."

Huyo alikuwa Mzee Magesa, fundi wa boila. Alikuwa mfupi, mwenye ndevu nyeupe zilizokatwa chini kabisa, shati limefungwa vifungo hadi kooni. Alikuwa mzee wa kanisa lake kule Pasiansi, na alinitamka Kabura, kwa ulimi wa kwao Majita. Nilimwamkia.

"Marahaba, mwanangu. Umekunywa chai?"

"Bado, Mzee."

"Nenda kanywe. Mtu mwenye njaa anaharakisha, na mtu anayeharakisha simtaki karibu na Bibi."

Bibi lilikuwa jina la boila. Niliporudi nikamkuta amefuta mikono, amesimama wima mbele ya kioo kama mtu aliye mlangoni kwa wakwe.

"Shikamoo, Bibi," akasema.

Akafunga vali ya chini, akafungua ya kutolea, mvuke ukafoka. Akafunga ya juu, akafungua ya chini, maji yakafoka. Kisha akafunga ya kutolea, akafungua zote mbili, akahesabu: "Moja, mbili." Maji yakapanda ndani ya kioo, yakasimama nusu.

"Marahaba," akajibu mwenyewe, kwa niaba ya boila.

Nilitabasamu. Aliona.

"Chuoni walikuambia kioo hiki kinaonyesha nini?"

"Kimo cha maji ndani ya boila."

"Kinaonyesha kimo cha maji yaliyo ndani ya kioo. Ya ndani ya Bibi ni mengine. Tope likiziba tundu la chini, kioo kinabaki na maji yake kama picha ya marehemu ukutani. Anakutazama, lakini hayupo. Kwa hiyo unamwamkia. Akiitika kabla ya tatu, mnaendelea. Tatu ikipita, unazima moto. Huulizi mtu."

Kila zamu iliiamkia boila hivyo kabla ya kugusa kitu kingine. Sospeter aliweza kutania msiba, lakini hapo alivua kofia. Mtu akianza kwa kuchochea moto, wenzake walimwambia hana adabu, amelelewa wapi.

Kwa miaka miwili nilijifunza kwake. Nilijifunza kukata nyuzi kwenye bomba la chuma, kuzungushia katani na kupaka rangi nzito nyekundu ili kiungo kisivuje. Nilijifunza kuusikiliza mtego wa mvuke, kifaa kinachotoa maji yaliyopoa bila kuachia mvuke, kwa kuweka ncha ya spana kwenye chuma na mpini sikioni. Kila nilipokosea alinirudisha mwanzo bila kupandisha sauti. Alikuwa amebakiza miaka michache astaafu, na alikuwa na maneno aliyoyarudia tulipokula muhogo wetu saa nne: "Nataka nitoke hapa kwa mlango, nikiwa na miguu yangu, na Bibi nimwache mzima." Ndilo pekee nililowahi kumsikia akilitaka.

Kisha akaja Meneja Mkuu mpya, aliyeletwa kukiandaa kiwanda kiuzike. Alitembea haraka na hakupenda moshi. "Mnunuzi hanunui masizi," alituambia. Tanuri la pumba likabomolewa, ikafungwa bana ya dizeli, yaani kichomeo kinachojiwasha na kujizima chenyewe. Wachochea moto wakapewa barua za kupunguzwa kazi, akabaki Sospeter peke yake, wa kufagia na kutumwa. Ubavuni mwa boila likafungwa kabati la chuma lenye vitufe na taa mbili, ya kijani na nyekundu.

Mtambo ule niliupenda, sitasema uongo. Mtaalamu aliyekuja nao kutoka Ulaya alikaa siku tano, akaondoka, akaacha kitabu kinene cha Kiingereza. Kwenye nyumba ya boila, aliyeweza kukisoma pamoja na michoro yake nilikuwa mimi. Kwa mara ya kwanza karatasi zangu zilikuwa na kazi. Vidole viwili vya chuma vilining'inia ndani ya kikopo kilichoungwa na boila kwa mabomba mawili, juu na chini. Maji yakigusa vidole, umeme hupita, taa ya kijani huwaka. Maji yakishuka, pampu inajiwasha yenyewe na kujaza. Yakishuka zaidi, taa nyekundu inawaka na moto unazimika. Ni ufundi mzuri. Hata leo nasema ni mzuri.

Lakini kikopo kile nacho kilikuwa na tundu la chini, kama kioo.

Asubuhi moja Meneja aliingia nyumba ya boila akamkuta Mzee Magesa amesimama wima mbele ya kioo. Alingoja hadi marahaba.

"Hapa ni kiwanda au ni tambiko?"

"Ni kipimo, Meneja," Mzee akasema.

Mchana nikaitwa ofisini.

"Masanja, kila zamu mnamwaga maji ya moto, presha inashuka, masufuria yanapoa. Kitabu kinasemaje?"

Nilikuwa nimeusoma ukurasa ule hadi nikaukariri. Ulisema kikopo na kioo vifunguliwe na kuoshwa kila zamu. Ila kama maji yanayoingia yamesafishwa na kupimwa, mara moja kwa wiki inatosha.

"Basi andika hiyo ya wiki."

"Lakini maji yetu, Meneja..."

"Yanasafishwa au hayasafishwi?"

"Yanasafishwa."

"Yanapimwa?"

"Nayapima mimi."

"Sasa unaogopa nini? Wewe ni msomi, au mke mwenza wa hiyo boila?"

Nilitakiwa kuandika ukurasa mmoja wa taratibu mpya, ubandikwe ukutani. Niliuandika mara saba. Mara ya kwanza niliandika "kila zamu", nikafuta. Nikaandika "mara moja kwa wiki, isipokuwa inapolazimu", kisha nikajiuliza nani ataamua inapolazimu, nikaona ni mimi, nikafuta. Siku ya tatu nikampelekea Mzee Magesa rasimu.

"Andika kila zamu, Kabura."

"Meneja hataki, Mzee."

"Amekuuliza anachokitaka yeye, au amekuuliza mambo ya kitabu na maji? Kitabu unakijua wewe, maji nayajua mimi. Andika kila zamu."

Usiku ule sikulala, na asubuhi niliandika hivi. Moja: hali ya maji itasomwa kwenye taa. Mbili: vali za kioo na za kikopo zitafunguliwa mara moja kwa wiki, Jumatatu, mbele ya fundi sanifu. Tatu: nje ya hapo zisiguswe bila kibali. Chini yake nikaweka sahihi. Meneja alisoma akasema, "Safi. Hii ndiyo lugha ya mnunuzi."

Mzee Magesa alivaa miwani, akausoma ukurasa ukutani neno kwa neno.

"Sahihi ni yako?"

"Ni yangu, Mzee."

"Sawa," akasema, akavua miwani.

Siku mbili baadaye alimwamkia Bibi kama kawaida. Msimamizi wa Zamu aliripoti, Mzee akapewa barua ya onyo. Barua ya pili, iliandikwa humo, ingekuwa ya kufukuzwa. Alikuwa amebakiza mwaka mmoja na miezi. Aliikunja akaitia mfukoni mwa shati, akafunga kifungo, na tangu hapo akawa anasimama mbele ya kioo kila asubuhi, mikono nyuma, bila kugusa kitu.

Ndipo yakaja magugu maji. Wenyeji wa Mwanza wa umri wangu wanakumbuka jinsi ghuba ilivyogeuka kuwa shamba, mitumbwi ikikwama kwenye majani kana kwamba imepanda nchi kavu. Yaliziba mdomo wa bomba letu ziwani. Watu waliingia majini na mapanga kuyakata. Maji yaliyofika yalikuwa ya rangi ya chai. Niliyapima kila siku kwa dawa na vichupa vilivyokuja na mtambo, na kila siku yalikuwa mazuri. Ilinichukua muda mrefu kuelewa kwa nini. Vichupa vile vilipima chokaa na chumvi, kwa sababu hayo ndiyo maradhi ya maji ya nchi vilikotengenezwa. Hapakuwa na kichupa cha kupima jani lililooza.

Mzee Magesa alipima kwa vidole viwili. "Yanateleza," alisema. "Haya yana kamasi."

Ilikuwa Ijumaa asubuhi. Taa ya kijani inawaka, kioo kinaonyesha maji nusu, geji ya presha imetulia. Mzee alikuwa amesimama karibu na pampu, ameinamisha kichwa.

"Kabura, pampu imelia lini mara ya mwisho?"

Sikujua. Ukiwa na taa huna haja ya kusikiliza pampu.

"Haijalia tangu tuanze," akasema. "Bibi anakunywa kila mara. Mvuke unakwenda kwenye masufuria, halafu yeye hajaomba maji. Niruhusu nimwamkie."

Nilitazama taa. Ilikuwa kijani. Nilifikiri: pengine leo masufuria yanatumia mvuke kidogo. Nilifikiri: akigusa vali nami nipo, tumevunja taratibu niliyoiandika mimi. Nilifikiri: Meneja ana wageni waliokuja kukitazama kiwanda, presha ikishuka sasa itakuwaje? Ufunguo wa kuiendesha pampu kwa mkono ulikuwa ofisini kwake.

"Subiri, Mzee. Nikaombe kibali na ufunguo. Usiguse hadi nirudi."

"Mwanangu, nenda kwa miguu ya haraka."

Nilikwenda. Katibu muhtasi aliniambia Meneja yuko na wageni, niketi. Nikaketi kwenye benchi. Mlango ulikuwa hatua nne kutoka nilipo, na ndani nilisikia watu wakicheka. Nilipanga maneno. Nikigonga na ikawa hakuna kitu, nitakuwa msichana anayeogopa taa alizozisifu mwenyewe. Nikisema Mzee ndiye aliyenituma, nitamtia kwenye barua ya pili. Nikisema ni wazo langu, ataniuliza ushahidi, na ushahidi ni pampu iliyonyamaza. Nilisimama mara mbili, nikaketi mara mbili. Katibu aliniuliza kama nina homa. Juu ya mlango palikuwa na saa, na mshale mrefu ulikwisha kuzunguka nusu ya uso wake niliposikia mashine za kukamua zikififia moja baada ya nyingine, na dirishani ikaingia harufu ya rangi inayoungua.

Nilikimbia. Mlangoni mwa nyumba ya boila nilimkuta Mzee Magesa amemkumbatia Sospeter kwa nguvu kama wapiganao. Sospeter alikuwa anataka kufungua maji ya tangi la juu.

"Inaungua, Mzee! Niachie niweke maji!"

"Ukiweka maji sasa tunakwenda wote! Toka nje! Watoe watu wa sabuni, watoe wote!"

Alikwisha kufunga dizeli kwa mkono wake, kwenye vali iliyo karibu na mdomo wa bana, na ngozi ya mkono kuanzia kiganja hadi kiwiko ilikuwa imebadilika. Boila ilikuwa inagongagonga ndani, chuma kikijikunja. Tulisimama uwanjani kwa muda mrefu tukimsikiliza Bibi akipoa. Hakuna aliyekufa. Nimeyarudia maneno hayo mara nyingi maishani, hakuna aliyekufa, na kila mara najua aliyezuia si mimi.

Nilipoingia tena ndani, mabomba ya moto yalikuwa yamebonyea, rangi imebabuka hadi chuma. Taa ya kijani ilikuwa bado inawaka. Kioo kilionyesha maji nusu.

Na ukutani palikuwa na ukurasa wangu.

Meneja hakuniambia kitu. Hakuna mtu aliyeniambia kitu. Niliubandua mwenyewe, taratibu, ili usichanike, nikaukunja mara nne nikautia ndani ya blauzi. Nimejaribu kukumbuka nilikuwa nawaza nini wakati ule, mimi ninayewaza juu ya kila kitu, na siwezi. Huenda ndilo tendo pekee maishani mwangu nililolifanya bila kufikiri.

Kamati iliketi wiki iliyofuata: Meneja, Mhandisi wa Kiwanda, na Mkaguzi wa Boila aliyetumwa na serikali. Mkaguzi alikuwa mtu makini. Alikwisha kufungua kikopo na kioo, akakuta matundu ya chini yamezibwa na tope la majani, jeusi, linanata kama lami.

"Hivi vilipaswa kuoshwa kila zamu," alisema. "Kulikuwa na maelekezo ya maandishi?"

Meneja alinitazama. Mhandisi alitazama meza.

"Yalikuwepo," nikasema, "lakini yalikuwa bado ni rasimu."

"Yalisemaje?"

"Hayakuwa yamekamilika, mzee."

Mkaguzi akamgeukia Mzee Magesa, aliyekuwa ameketi na mkono umefungwa bendeji. "Wewe ndiye uliyekuwa zamu. Una la kusema?"

"Niliomba ruhusa ya kuijaribu."

"Kwa nani?"

Mzee alinitazama. Hakukuwa na hasira machoni mwake, na laiti ingekuwapo. Alinitazama jinsi alivyokitazama kioo baada ya kufungua vali zote mbili.

"Aliyeombwa yupo humu," akasema. "Kama anakumbuka, atasema."

 Nilihisi karatasi ile ndani ya blauzi, maana sikuwa nimethubutu kuiacha nyumbani. Nilipanga sentensi. Nikaipanga upya. Mkaguzi akafunua ukurasa mwingine.

Mzee Magesa alifukuzwa kwa uzembe. Alitolewa getini na walinzi wawili, kama ilivyokuwa desturi kwa waliofukuzwa, na yule mlinzi aliyeniita siku ya kwanza ndiye aliyempekua mfuko wa chakula. Sospeter alimsindikiza hadi Pasiansi akiwa amembebea viatu vya kazi. Aliporudi hakunitania tena. Aliniita Fundi Sanifu, kwa adabu, hadi siku alipopunguzwa naye.

Miezi mitatu baadaye nikawa Msimamizi wa Nyumba ya Boila.

Yaliyobaki ya utumishi wangu ni mengi lakini hayachukui nafasi kubwa. Kiwanda kiliuzwa, mnunuzi akang'oa mashine akaziuza kama chuma chakavu, na Bibi naye alikatwa vipande kwa gesi. Nikahamia kiwanda cha minofu ya samaki, chini ya Meneja wa Matengenezo aliyetaka maji ya moto sakafuni mchana kutwa. Kisha hospitali moja, ambako Muuguzi Mkuu alinifundisha kuwa bomba la maji ya moto likikatika wodi ya wazazi hakuna udhuru unaosikilizwa. Mwishoni nilifunga hita za jua kwenye nyumba za wageni. Nimeona zana zikija moja baada ya nyingine: mashine ya kuunganisha mabomba ya plastiki kwa joto, ambapo kiungo kilichokuwa kikituchukua asubuhi nzima kwa katani kinakamilika kabla hujamaliza kukohoa, bunduki ya kupimia joto bila kugusa, kamera inayoingizwa ndani ya bomba ukaona uchafu kwenye simu yako. Vijana hunisubiri nizilaani. Sizilaani. Hakuna zana iliyonidanganya. Taa ile ilisema kweli: kulikuwa na maji ndani ya kikopo. Aliyesema kuwa hayo ndiyo maji ya boila ni mimi, na nilitia sahihi.

Kote nilikopita niliwalazimisha watu kujaribu kipimo kabla ya kukiamini, kila zamu, kwa kuhesabu moja hadi tatu. Waliniita Mama Shikamoo. Walidhani ni kichekesho changu. Mafundi niliowafundisha wanasema nilikuwa mkali lakini wa haki, na waliponiaga nikistaafu walilirudia neno hilo la haki kwenye hotuba, nami nikaketi pale na soda mkononi nikiwaacha waliseme.

Wiki ile ile nilipanda kivuko kwenda Kamanga. Nilikwisha kusikia kuwa Mzee Magesa aliihama Pasiansi zamani, akaenda kuishi huko kwa binti yake, ng'ambo ya ghuba. Miaka yote ile maji yaliyonitenga naye yalikuwa ya mwendo mfupi, na kila mwaka nilikuwa na sababu ya kutovuka. Kwamba hatanikumbuka. Kwamba atanikumbuka. Kwamba nitamfungulia kidonda. Kwamba kidonda ni changu, na nataka tu aniondolee.

Nilimkuta ameketi uani kwenye kiti cha plastiki, anachambua maharage kwenye ungo. Vifungo vilikuwa hadi kooni. Mkono wa kulia ulikuwa na ngozi nyororo inayong'aa kuanzia kiganja hadi kiwiko.

"Shikamoo, Mzee."

Aliinua uso. Hakujibu.

"Ni Kabula. Wa boila."

"Naona ni Kabura," akasema. "Umenenepa."

Nilitoa karatasi. Mikunjo ilikwisha kuichana katikati. Nilimwambia niliibandua mimi, siku ile ile, na kwamba nilikuwa nayo kifuani mbele ya kamati. Aliendelea kuchambua.

"Macho hayasomi. Nisomee."

Nikasoma, kanuni zote tatu, na jina langu chini.

"Soma ile ya tatu."

"Nje ya hapo zisiguswe bila kibali."

"Ehe." Akatupa jiwe dogo lililokuwa ndani ya maharage. "Miaka ishirini na sita nilimtunza yule Bibi. Unajua Pasiansi waliniita nani? Yule Aliyeunguza Boila. Hata kanisani. Mtu anataka kumwonyesha mgeni nyumba yangu, anasema, pale kwa aliyeunguza boila. Ndiyo maana nikavuka."

"Nisamehe, Mzee."

"Karatasi iache hapa. Binti yangu akirudi atawasomea watoto."

Niliiweka juu ya kigoda, nikaigandamiza kwa kikombe upepo usiichukue. Nilisubiri aseme zaidi. Alipepeta ungo, maganda yakaruka.

"Kivuko cha mwisho kitakuacha," akasema.

Nilisimama. Kwetu mdogo hawezi kuondoka hivi hivi, kwa hiyo niliinama kidogo, nikasema tena, kwa sauti ya kumfikia hata kama masikio yalikwisha kuchoka:

"Shikamoo, Mzee."

Nikahesabu. Moja, mbili, tatu. Alikuwa ananitazama, na alikuwa amenisikia. Nilihesabu hadi kumi, kisha nikaenda kuwahi kivuko.